Kamusi ya mtumba pale Posta: nunua, ila kagua kurasa kwanza

Wadau mnaotafuta kamusi ya kiingereza ya maana, kabla hamjaenda duka la vitabu pitieni kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mtumba chini huko Posta, mtaa wa Samora, Dar. Mi nimechukua Concise Oxford ya jalada gumu, jamaa alianzia elfu 25 tukavutana weee akaachia kwa 15 na bado analalamika "bosi wangu umenionea".

Nimeijaribu na neno sagacious, maana MC mmoja kwenye kikao cha harusi alimmwagia mwenyekiti wetu hilo neno, ukumbi mzima ukapiga makofi na hamna aliyejua kasifiwa au katukanwa. Simu ukiiuliza inakupa wise, basi. Kamusi kubwa inakupa nyama: ni mtu anayeng'amua mambo haraka na maamuzi yake yametulia, na linaenda hata kwa ushauri au uamuzi wenyewe, sio mtu tu. Asili yake kilatini, sagax, yaani mwenye hisi kali, na huko miaka ya 1600 waingereza walilitumia mpaka kwa mbwa wa kuwinda anayeshika harufu vizuri 😂 sasa mwenyekiti wetu kwa kunusa nani hajatoa mchango, MC hakukosea kabisa. Wengi wanadhani ni ndugu na sage (mwenye hekima), kumbe sage imetokea kwenye sapere, ukoo mmoja na ile sapiens ya Homo sapiens.

Ila msianze kulimwaga kila meseji jamani. Ni neno la hotuba, la maandishi rasmi, ukimwambia shemeji yako mkiwa kwenye supu asubuhi atakuangalia tu, hapo wise inatosha sana.

Kasoro zipo. Maandishi madogo balaa, matamshi yako kwa zile alama za kifonetiki ambazo kama hukusoma lugha unaganda (hili ni se-GEI-shas, kaza hapo gei), na toleo langu la zamani, selfie hamna humo. Kubwa zaidi herufi U imenyofolewa karibu nusu na muuzaji kimyaaa, kwa hiyo funua kurasa hapo hapo kabla hujatoa hela. Nendeni jioni wakianza kufunga mizigo, bei inalainika.