Nani Alikwambia Uondokee Gia ya Pili?

Hayo maneno niliambiwa na fundi mbele ya spana boi wawili, mama muuza uji na jamaa aliyekuja kujaza upepo tu. Mtu mzima na ndevu zangu. Gari liko juu ya mawe, giaboksi imelazwa kwenye kadibodi, mimi nimeshika mfuko wa karanga, na huyu bwana anafuta klachi pleti yangu, ile sahani inayounganisha injini na gia, kwa tambara huku ananiuliza kama anavyoulizwa mtoto aliyevunja sahani: "Mangi, hebu niambie, nani alikwambia hili gari linaondokea gia ya pili?"

Uso uliniwaka. Wiki kadhaa zimepita na bado unaniwaka.

Gereji siitaji. Iko Unga Limited, na mkazi wa Arusha anayependa magari ya dizeli pengine ameshanijua namsema nani. Nilisema siku ile ile kwamba nikipata pa kuandika, kwa kumi nitampa mbili, na hizo mbili ni kwa sababu alinipa kigoda. Leo sina uhakika na mbili hizo. Tuone.

Mjue kwanza kwa nini iliniuma vile. Kijiweni kwetu Kijenge, pale kwa muuza kahawa, kwenye habari za injini na gia mimi ndiye niliyekuwa natoa darasa. Tuna jamaa wa Prado ya injini ya 1KZ anayeisifu tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa zaidi, kila jioni, na kila jioni namkumbusha ile silinda hedi ya aluminiamu: ichemshe mara moja tu, halafu uje utuonyeshe ufa. Kuna mwingine ana Hilux ya injini ya 1KD, mtu mpole, ila ukitaja neno nozeli, zile za kupulizia mafuta ndani ya injini, anaacha kunywa. Mimi nina Land Cruiser lenye injini ya dizeli ya 1HZ, gari la watalii lililostaafu, bodi imepigwapigwa, viti vimeshonwa upya. Halina tabo, halina kompyuta ya kulisumbua, pampu yake ni ya kizamani, na ukiharibikiwa Loliondo huko utapata mtu wa kulifungua kwa spana za kawaida. Toyota walianza kuitoa injini hii mwaka 1990 na mpaka leo madereva wa utalii wanaililia.

Sijawahi kudai ni mbio. Ukishapita geti la Lodoare ukaanza kupanda ukingo wa Ngorongoro, huko juu zaidi ya mita 2,200 hewa inapungua, na mashine isiyo na tabo inakohoa kama mzee wa kiko. Mimi hukaza gia ya pili, nafunga kioo, namwacha wa 1KZ anipite. Kijana mmoja pale kijiweni alitaka kufunga tabo kwenye 1HZ yake, nikamwambia pistoni zile hazikutengenezwa kwa moto wa namna hiyo, atakuja kuziokota vipande. Hilo nalisimamia hadi leo.

Somo langu lingine, ambalo nililirudia mara nyingi kuliko yote, lilikuwa hili: 1HZ ina nguvu huko chini, gia ya kwanza ni ya matope na ya kung'olea visiki, barabarani unaondokea ya pili. Niliwaona madereva wa watalii wanafanya hivyo, nikaona ndio uungwana wa gia. Unaachia klachi taratibu, gari linanyanyuka bila kelele, abiria hata hajui umeondoka.

Basi, kabla ya sikukuu nikapeleka gari kubadili klachi, maana pedali ilikuwa inashika juu sana. Kazi ikachukua siku moja na nusu. Nikalipa pesa ambayo kwetu Kibosho ungepata mbuzi wawili na chenji. Wakati giaboksi iko chini nikaona oili imelowa nyuma ya injini, pale krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapotokea. Nikauliza. Akainama, akapitisha kidole, akakifuta kwenye ovaroli. "Hiyo ni jasho tu, mangi." Likumbukeni hilo neno.

Mjue Desemba kwa Mchaga ilivyo. Barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi, kilomita kama themanini, inajaa magari yenye magunia juu, na kila mtu anataka afike nyumbani kabla ya shemeji yake. Nilimpakia mama, mke wangu, watoto watatu, gunia la mchele, makreti ya soda na sufuria kubwa ambalo mama aligoma kulifunga juu ya keria. Usa River, Kikatiti, Bomang'ombe, gari linateleza kwenye gia ya tano, trafiki wamejaa lakini hatuna kosa. Mama anaimba mapambio. Moyoni nilikuwa naihurumia dunia yote inayoendesha oto, magari yasiyo na pedali ya klachi.

Kutoka Moshi mjini ukianza kuipanda Kibosho, kuna mahali barabara inavuka kijito halafu inanyanyuka ghafla kati ya migomba. Bodaboda alikuwa amesimama katikati akipakia mkungu wa ndizi. Nikasimama. Nikalishikilia gari kwa klachi, sikugusa hendibreki, maana dereva mzuri (hivyo nilifundisha) anajua kulining'iniza gari bila hendibreki. Bodaboda akaondoka. Nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, nikaongeza mafuta.

Injini ikapandisha mlio. Gari halikwenda. Nikaongeza. Mlio ukawa mkali, na mgomba uliokuwa mkono wangu wa kulia ukabaki pale pale, na lile jani lake lililochanika linanipungia. Nikaongeza tena. Ndipo mama kutoka nyuma akauliza, "Nani anachoma kichwa cha mbuzi saa hizi?"

Anayeijua harufu ya klachi inayoungua anajua mama hakukosea sana.

Wakati huo huo shemeji yangu akatokea nyuma na Noah yake ya oto, ya petroli, ile ninayoiita friji. Akanipita. Akapiga honi mbili, za adabu kabisa, na huo ndio ubaya wake.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka na kopo la mbege. Alikuja polepole, akachungulia dirishani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, hilo gari si lina lo? Weka lo, gia ya kwanza, halafu huo mguu wa kushoto uuweke mbali kabisa." Zamani aliendesha lori, alisema, la nani sikuuliza. Nikaweka lo, ile gia ya ziada ya nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gari likashika. Likapanda kama kobe, watoto wameshuka wanatembea pembeni wanatutangulia, lakini likapanda, kwa sababu kwenye lo klachi haibebi mzigo wote peke yake. Hili nililijua. Kinachonitesa mpaka leo ni kwamba nililijua.

Habari za siku zilizofuata pale kihambani nitaziacha. Mtori ulinywewa, mbege ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyefika alikuwa tayari ameambiwa.

Nikarudi Arusha nimelibeba gari kama trei ya mayai. Kwenye tambarare, bila mzigo, bado lilikuwa linakwenda, ila ukikanyaga tu linapiga kelele bila mwendo. Nilipofika Kikatiti nilishaipanga hotuba. Nitamwambia hivi, atajibu vile, nitamalizia na vile. Kuingia gereji, fundi hata salamu hakunipa. "Lete ufunguo." Hotuba ikabaki tumboni.

Wakafungua. Pleti ikatoka, nyeusi, inang'aa kama sahani ya chipsi. Oili. Nikaona sasa Mungu amenipa mtu wangu. Nikasogea karibu, nikamuuliza kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwa mama wa uji: "Fundi, na hii nayo ni jasho?"

Akakaa kimya. Kwa sekunde kama tano hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Unga Limited.

Kisha akamwambia spana boi alete tochi, akamulika flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hulishika. Ilikuwa na madoa ya buluu na zambarau, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. "Oili imetoka kwenye sili ya krenki, ile raba ya kuzuia oili, na sili hiyo niliiacha mimi," alisema. "Lakini oili haichomi chuma kikawa rangi hii. Huu ni mguu wako." Akachukua rilizi beringi, ile inayofanya kazi kila mguu ukikaa kwenye klachi, ya wiki chache tu, akaizungusha sikioni kwangu. Ilikuwa inakoroma. Ndipo akauliza lile swali la gia ya pili, na bila kungoja jibu akanishika bega akanipeleka kwenye mlango wa dereva. "Tazama raba." Raba ya pedali ya breki bado ina mistari yake. Ya klachi imelika katikati, laini kama sabuni iliyobaki kipande.

Nikaruka. Nikamwambia hili gari ni la mtumba, limeendeshwa na madereva wangapi wa watalii kabla yangu, raba ni ya hao!

"Raba zote mbili nilikufungia mimi," akasema. "Mwaka juzi. Siku moja."

Spana boi mdogo akageuka akajifanya anatafuta spana namba kumi na nne.

Halafu, kama vile haijatosha, akaongeza, "Wewe nenda katafute oto, mangi. Hakuna aibu." Hapo ndipo nilipopandisha mori. Nilisema maneno ambayo mke wangu hajayasikia na hatayasikia. Nilimwambia klachi pleti mpya imelowa oili kwa uzembe wake, familia yangu nusura ilale mtaroni, na yeye anakuja na mashairi ya raba. Aliyenitetea alikuwa mama muuza uji peke yake, na yeye sijui alichokuwa anatetea ni deni lake la uji kwa yule fundi.

Nitakuwa mkweli, maana nikiacha hapa nitakuwa nimemwonea. Sili aliifunga kwa pesa yake. Flaiwili aliipeleka kuchongwa, kitu ambacho mara ya kwanza hakukifanya na alipaswa kukifanya, kwa hiyo hilo simpongezi. Pleti mpya tuligombana mpaka adhuhuri: mimi nasema oili imeiua, yeye anasema ilishakufa kabla oili haijafika. Tukagawana nusu kwa nusu. Ufundi hakuchukua hata shilingi. Samahani pia hakuitoa, na mimi sitaacha kuidai.

Lakini klachi yenyewe, jamani. Sasa inashika pale pale ninapotaka, chini kidogo, laini, bila kutetemeka. Gia ya tatu inaingia kwa vidole viwili. Nimeendesha magari mengi na sidhani kama nimewahi kukanyaga pedali tamu namna hii kwenye 1HZ. Juzi kwenye foleni ya Sanawari nilijikuta nabadili gia bila sababu, nasikiliza tu. Na mguu wa kushoto, kila nikimaliza kubadili, nauweka pembeni kabisa, karibu na spika ya mlango. Unauma, maana haujazoea kukaa bure.

Kwa hiyo, mbili? Kwa kazi ya mara ya pili nampa nane. Ya mara ya kwanza, sifuri, mtu wa dizeli hawezi kuita sili inayovuja jasho. Kwa mdomo wake hakuna namba. Jamaa wa Prado aliniuliza kama aipeleke 1KZ yake kule, nikamwambia asithubutu, kisha jioni nikampigia simu kumwelekeza njia. Nilimwonya ajibu maswali kwa kifupi na asiguse habari za tabo.

Kijiweni bado nakaa, ila darasa la kuondokea gia ya pili nimeliachisha bila tangazo. Wakiuliza nasema inategemea mzigo. Kweli inategemea mzigo. Dereva wa watalii kwenye tambarare ya vumbi, gari tupu, ana haki yake. Mimi nilikuwa na mchele, soda, na mama na sufuria lake.

Siku ya kuchukua gari nilimlipa, nikakunja risiti aliyoiandika nyuma ya kipande cha boksi la beringi, nikapanda. Pale getini kuna kimlima kidogo cha kutokea barabarani. Fundi hakuniangalia, alikuwa ameingia chini ya Fuso. Nikavuta hendibreki. Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikaishusha hendibreki, gari likatoka bila harufu wala kelele. Nikatazama kwenye kioo. Yule spana boi mdogo alikuwa amesimama katikati ya uwanja, spana kwapani, ananipigia makofi.