Vikao sita vya ushauri wa ndoa jijini Mbeya

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe na mke wangu ni Mjerumani. Baada ya miaka minne ya ndoa tulikuwa tukigombana kwa Kiswahili ambacho kila mmoja anakielewa kivyake, ndipo tukaenda kwenye kituo kimoja cha ushauri jijini Mbeya, kwa shilingi 40,000 kila kikao.

Kikao cha pili peke yake kilistahili fedha zote. Mshauri alitukataza kujibizana: kila mmoja alipaswa kwanza kueleza alichokisikia, hadi mwenzake akubali kwamba ndicho alichokisema. Hapo likaibuka neno "tutaona". Mke wangu anapopendekeza safari ambayo sina fedha zake, mimi hujibu "tutaona" nikiamini nimekataa kwa adabu, kumbe yeye huihesabu kuwa ahadi, huisubiri, kisha huniona mwongo. Nami nilikuwa nikiumizwa na "hapana" yake kavu mbele ya shangazi aliyefika bila taarifa na mkungu wake wa ndizi kutoka Tukuyu, ilhali kwake kusema wazi ndiyo heshima yenyewe.

Kikao cha nne kilinipendelea, nami nakiri kwamba nilifurahia. Kwa mila zetu mkaza mwana na baba mkwe huepukana. Mke wangu alimpa baba mkono, baba akajitenga, naye akadhani anachukiwa. Mshauri alimfafanulia mila hiyo kwa ufasaha, akamweleza na anayopaswa kuyazoea, lakini hakuniuliza kwa nini sikumwandaa kabla ya ziara. Zaidi ya hayo, mara mbili alinigeukia na kuzungumza Kinyakyusa, huku mwenye malalamiko amekaa palepale bila kuelewa neno.

Hata hivyo, hakujifanya hakimu. Alitueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika mazingira machache, na kwamba kituo chake si baraza.

Tumeomba kikao cha saba, na mke wangu ametoa sharti: Kiswahili tu, na swali la kwanza niulizwe mimi.