Maikrofoni ya kubana kifuani: uzoefu wangu na neva mbovu ya kusikia

Kama tatizo lako liko kwenye neva ya kusikia, usikubali kuuziwa mashine za masikio peke yake. Mimi kilichonifaa ni maikrofoni ndogo anayobana kifuani yule anayesema nami, ikanirushia sauti yake moja kwa moja masikioni.

Mimi si kiziwi. Adhana naisikia, honi ya tuktuk naisikia, hata simu ikitetema mezani. Kinachonipotea ni maneno. Mamangu akiniuliza kutoka jikoni, "Chai tamu?" mie nasikia "damu". Akija mbele yangu nikaona midomo yake, maneno yote yanifikia. Chumba kikiwa kimya nina nafuu. Marikiti asubuhi siambulii kitu.

Duka la kwanza (silitaji) walinipima kwa ile milio ya hedifoni, wakasema upungufu ni mdogo, wakaniuzia mashine mbili. Milio nilikuwa naisikia kweli, lakini kipimo kile hakiulizi kama unaelewa maneno. Mashine zikaniletea vijiko, feni na makelele ya makanga. Maneno yakabaki vilevile, hayashikiki, ila sasa kwa sauti ya juu.

Kliniki nyingine ndiyo iliyonibandika nyaya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Seli za ndani ya sikio zilikuwa zima, zikarudisha mwangwi wake kama kawaida. Mawimbi ya neva kuelekea ubongoni ndiyo hayakuonekana. Mtaalamu akanieleza kuwa nyuzi za neva hutakiwa kutoa ishara kwa pamoja, na zangu ni kama wapiga ngoma za chakacha kila mtu na wakati wake. P na b, t na d, hutenganishwa na sehemu ndogo mno ya sekunde. Wakati ukivurugika, herufi nazo zavurugika, na kuongeza sauti hakuurekebishi wakati. Akauliza kama nilizaliwa na manjano. Mamangu akajibu naam, tena makali. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazojulikana, pamoja na kuzaliwa njiti. Jina la ugonjwa lenyewe, kwa Kiingereza "auditory neuropathy", lilitolewa mwaka 1996 na Arnold Starr na wenzake huko Marekani, kwa hivyo sishangai sana kwamba muuza mashine hakuwa nalo.

Maikrofoni haiiponyi neva. Inachofanya ni kuileta sauti ya msemaji karibu na kuziacha kelele mbali, na kwa sisi kelele ndiyo adui mkubwa. Ofisini bosi huivaa kwenye mkutano, nami siku hizi naandika maagizo yake bila kumuuliza jirani. Khatibu wetu pia alikubali kuibana kwenye kanzu, Mwenyezi Mungu amlipe.

Kasoro zipo. Bei yake haina huruma. Humsikiliza mtu mmoja, kwa hivyo barazani watu wakianza kudakiana maneno nabaki nje. Kwenye feri ya Likoni upepo huijaza mvumo mtupu. Na wako wanaosahau kuirudisha: shemeji yangu alitoka nayo hadi kwa muuza mishkaki, nikasikia bei zote.

Wapo wenye shida hii wanaosaidiwa zaidi na kifaa cha kupandikizwa kwa upasuaji, inategemea hitilafu iko wapi. Mie sikushauriwa hivyo. Ukitaka maikrofoni, omba uazimwe kwanza, utoke nayo hadi Mwembe Tayari pale matatu zinapopiga honi, ndipo ulipe.