Kishikio cha tableti ndani ya Cessna 206

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikirusha Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja, kutoka uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, hadi Kolwezi nikisoma ramani kwenye tableti, na kishikio changu cha kwanza kilikuwa cha mpira wa kunyonya, kinachobandikwa kwenye dirisha la pembeni. Mpira huo hushikiliwa na shinikizo la hewa, nalo hupungua kadiri ndege inavyopanda. Uwanja wenyewe uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hivyo tunaanza safari tukiwa tayari na upungufu. Katika msukosuko wa mawingu ya Januari kiliachia, na tableti ikaangukia karibu kabisa na pedali.

Hiki cha sasa hufungwa kwa skrubu kwenye bomba la usukani, nami nakisifu bila kusita: utando wake wa ndani hauchubui chuma, na kiungo chake cha mviringo hukazwa kwa mkono mmoja. Kabla ya kuwasha injini ni lazima kuuzungusha usukani hadi mwisho kila upande na kuuvuta hadi kifuani, ili kuhakikisha hakigusi goti. Kasoro yake ni mgongo uliozibwa: juani tableti hupata joto hadi ikajizima, kwa hiyo ramani ya karatasi bado naibeba.