Kromu ya dashibodi: nunua kwa kidole, usinunue kwa jicho

Mwezi wa tisa mwaka jana niliharibu dashibodi ya Datsun 120Y aliyoniachia marehemu baba, na niliiharibu kwa kopo moja tu la rangi ya kromu ya kupuliza. Kifuniko cha kopo kilikuwa king'aavu mpaka unajiona meno. Muuzaji akaapa: "Dada, hii orijino kabisa, hata rimu wanapulizia hii." Shilingi 18,000. Nikang'oa fremu inayozunguka saa za spidi na mafuta, nikapiga msasa, nikapulizia chini ya mwembe, nikaenda kulala na furaha zangu. Asubuhi inang'aa vizuri tu. Nikaishika niirudishe mahali pake, na dole gumba likabaki palepale: doa la kijivu, mistari ya ngozi yangu inahesabika, kama niliyekwenda kusajili laini ya simu.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wengi wanaoniuliza habari ya kromu wanataka kujua inang'aa kiasi gani. Jamani, siku ya kwanza zote zinang'aa. Uliza kama itavumilia kidole na kitambaa, hasa kwa sisi wa Tabora, maana kiangazi ukitoka Cheyo ukafika sokoni, vumbi juu ya dashibodi linatosha kuandika jina. Ninafuta kila asubuhi. Rangi isiyovumilia kitambaa kikavu haina kazi kwangu, hata ingetoka mbinguni.

Sababu yenyewe ni hii. Rangi nyingi za namna hiyo hazina kromu ndani. Zina chembe ndogo mno za alumini, na rangi ikikauka zile chembe hulala bapa kama vigae vya bati. Hapo ndipo unapata kioo. Ukigusa mapema unazivuruga, kioo kinageuka sufuria. Kisha anakuja fundi mjuaji anakwambia "pigia kliya juu, itajilinda," yaani ile vanishi isiyo na rangi. Usimsikilize! Tina, kile kiyeyusho kilichomo kwenye kliya, inailainisha rangi iliyo chini, chembe zinaelea upya, na asubuhi una kijivu cha bati la mabanda ya kuku. Nimeifanya hiyo pia, kopo lilelile, siku ya pili.

Kabla hujatoa hela, jua unachokarabati. Gonga kwa ukucha, gusa kwa shavu. Kikiwa cha baridi na kinalia, ni chuma, na pengine huhitaji kununua rangi kabisa: tyubu ya Autosol, dawa ya kung'arisha metali, na kipande cha fulana kuukuu vitaondoa ukungu na madoa ya kutu. Sehemu iliyobanduka haitarudi, ila iliyobaki utashangaa. Kikiwa cha vuguvugu na sauti yake butu, ni plastiki, kama yangu. Hapo ule mng'ao wa kiwandani mara nyingi ni utando wa alumini uliorushwa kama mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa, ukafunikwa vanishi. Ni mwembamba kuliko unavyodhani. Ukisugua kwa Autosol au Brasso utauondoa wote, ubaki na plastiki tupu na majuto.

Sasa, kwa plastiki, mimi ni mtu wa Molotow na sioni haya kusema. Ni kalamu ya rangi ya Kijerumani, Liquid Chrome, yenye ncha za milimita 1, 2 na 4. Yangu ya milimita 2 aliniletea binamu kutoka Dar kwa shilingi 38,000, na nikalalamika wiki nzima kabla sijaifungua. Futa plastiki kwa spiriti, piga kwanza nyeusi ya kung'aa, iache ikauke kabisa. Halafu usichore kama mtoto anayepaka rangi. Ibonyeze ncha mpaka rangi itiririke, ivute polepole mara moja, usirudi nyuma. Ukirudi, mstari unabaki. Kisha ficha kazi yako. Mimi niliweka fremu kabatini juu ya vijiti vinne vya kiberiti, siku 14, na nikawakataza watoto chumba kile. Baada ya hapo inavumilia kitambaa kikavu. Jasho la mkono bado haliipendi, huo ndio ukweli, kwa hiyo usiitumie kwenye vitufe vya redio wala mahali unaposhika kila siku.

Mahali hapo weka karatasi ya metali ya kubandika, ile wanayotumia wanaounda vigari vidogo vya mapambo. Bare-Metal Foil ndiyo ninayoijua. Inabandikwa, inakandamizwa kwa pamba ya masikio mpaka ikumbatie kona, inakatwa kwa wembe mpya. Wembe wa jana unachana. Kwa kidole iko juu ya Molotow, nakubali, lakini kwenye mviringo inanitoa machozi, ndiyo maana naiweka ya pili.

Kuchovya kromu halisi, yaani shaba, nikeli, kisha kromu, ni kazi yenye kemikali za sumu, na mimi hapa mjini sijapata wa kunifanyia. Nauli ya kifurushi kwenda na kurudi Dar, bei ya kazi, na hofu ya spea isiyopatikana kupotea kwenye buti la basi: hapana.

Stika za kung'aa za bodaboda: zinabanduka kwa joto. Basi.

Kinachonikera ni wauzaji. Ukienda kwa miguu, kopo ni 15,000. Ukiegesha Datsun mlangoni, kopo lilelile linakuwa 18,000, maana gari la kizamani kwao ni alama ya mwenye hela, si alama ya mtu aliyeshindwa kununua jipya. Omba wapulizie kidogo kwenye kipande cha plastiki uguse kesho, wanakuangalia kama umeomba kuonja sumu. Duka la kitenge unagusa, embe unabonyeza, kromu eti hapana. Mmoja aliniambia, "Mama, ukigusa utaiharibu." Nikamwambia ndicho ninachotaka kujua.

Siku hizi natembea na kifuniko cha kopo la Blue Band kwenye mkoba. Anayekubali kupulizia hapo nampa hela ya soda, narudi kesho yake na dole gumba langu. Mpaka sasa wamekubali wawili, na vifuniko vyote viwili vina alama.