Kipimo cha utumbo mpana kwa kamera katika kliniki moja mjini Moshi

Kipimo chenyewe nakisifu: nilidungwa sindano ya usingizi mwepesi, na nilipozinduka kilichobaki ni tumbo kujaa hewa iliyopulizwa ili kuutanua utumbo. Maandalizi ndiyo yaliyonikera, kwa kuwa karatasi ya maelekezo ilitaja "vyakula laini" tu, ilhali siku ya mwisho hata mtori haufai, bali maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa. Wala si juisi ya rozela, kwani wekundu wake huweza kudhaniwa damu. Dawa ya kukuharisha ili utumbo usafike, yenye ladha ya chumvichumvi, hunyweka vizuri zaidi ikipoozwa. Bei niliyotajiwa haikujumuisha uchunguzi wa maabara wa kipande kidogo cha nyama kilichokatwa utumboni wakati wa kipimo, hivyo uliza mapema, na uende na ndugu wa kukurudisha nyumbani.