Maikrofoni ya kurekodia gitaa la klasiki na fidla nyumbani: tazama kwanza kelele yake yenyewe

Malalamiko ni yaleyale: mtu amerekodi usiku, nyumba kimya, feni imezimwa, na bado chini ya kila noti laini kuna “shhh” isiyokoma. Anaambiwa chumba chake kibaya. Mara nyingi kibaya ni maikrofoni.

Kila maikrofoni ya kondensa, yaani aina nyepesi kuhisi inayohitaji umeme, ina kelele inayotoka kwenye saketi na kiwambo chake (utando unaopokea sauti). Anayerap hasumbuki nayo kwa sababu mdomo uko sentimita 10 tu. Gitaa la nyuzi za nailoni hurekodiwa kutoka sentimita 60 hadi 90, fidla mita moja au zaidi, na umbali ukiongezeka maradufu sauti ya moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6. Unapandisha geini (ukuzaji wa sauti) kufidia, na kelele inapanda nayo. Anayefanya mtihani wa utendaji wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, kwa video ndiye anayeumia zaidi, maana vipande vyote vinne vinapigwa mfululizo na rekodi haihaririwi.

Kwa hiyo acha kusoma “studio” kwenye boksi. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo namba ya kelele iliyoandikwa kwa dBA (desibeli zilizopimwa kufuata usikivu wa sikio). Chini ya 8 ni safi sana, 12 hadi 14 inatosha fidla, na 20 gitaa laini litaumbuka. Kampuni nyingine huandika uwiano wa sauti kwa kelele badala yake. Toa namba hiyo kwenye 94. Uwiano wa 74 maana yake kelele ni 20. Usiichanganye na namba ya 130 na kuendelea, hiyo ni sauti kubwa kabisa inayoweza kubebwa.

1. Rode NT1, kizazi cha 5. Ndiyo ninayoipendekeza, na sioni haja ya kuficha upendeleo. Kelele yake ni dBA 4. Ina XLR (plagi ya pini tatu ya saundi kadi) na USB (ya kompyuta moja kwa moja) kwenye mwili mmoja, hivyo unaweza kuanza bila saundi kadi kisha ukainunua baadaye. Kishikio cha kuzuia mtikisiko na kebo zimo ndani ya boksi. Sauti zake za juu hazikukazwa, jambo ambalo mpiga fidla atalishukuru.

2. Lewitt LCT 440 PURE. dBA 7, kutoka Austria. Nzuri kweli, ila haina USB.

3. Rode NT1-A. dBA 5, lakini sauti za juu zimekazwa. Kwa gitaa sawa; kwa fidla waya wa E unachoma.

4. Audio-Technica AT2035. dBA 12. Usikubali kupewa AT2020 kwa maneno kwamba “ni ileile tu”. AT2020 ni dBA 20, na tofauti hiyo ya 8 utaisikia kila noti inapofifia.

Neumann KM 184, ya bei kubwa kuliko zote hizi, ina dBA 13. Kiwambo chake ni kidogo, na kiwambo kidogo kwa kawaida huwa na kelele zaidi. Wanaoinunua wanafuata usahihi wake wa sauti zinazotoka pembeni, na wana ukumbi mzuri wa kuutumia. Sebuleni fedha hiyo inapotea.

Maikrofoni za bei rahisi za BM-800 na saundi kadi za bei rahisi za V8: hapana. Simu: zima kirekebisha sauti cha kiotomatiki kama inaruhusu, maana hubana sauti kubwa na kuinua ndogo, na pianissimo yako inageuka forte.

Wauzaji nao wanastahili lawama, Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi sawia. Mteja anauziwa kondensa inayohitaji umeme wa volti 48 pamoja na kebo ya kuchomeka kwenye jeki ya kompyuta, ambayo haitoi volti hizo. Sauti inatoka dhaifu, anarudi, anauziwa amplifaya. Mwingine anaomba maiki ya gitaa anapewa Shure SM58. Ni maiki imara ya jukwaani, lakini inahitaji geini zaidi ya NT1 kwa takriban desibeli 22, na saundi kadi ya bei nafuu ikisukumwa hivyo inachemka kelele. Tena SM58 bandia zimejaa sokoni. Dai risiti iliyoandikwa siku tatu za kurudisha.

Siku hizo zitumie hivi: usiku, ifunike maikrofoni kwa godoro au blanketi zito ndani ya kabati, weka geini utakayotumia kwenye kipande chako, rekodi sekunde 30, sikiliza kwa hedifoni. Unachosikia hapo si chumba.

Kwa gitaa, elekeza kwenye freti ya 12, kamwe si kwenye tundu, la sivyo besi itavimba. Kwa fidla, stendi ipande juu ya kichwa, maiki ikitazama chini kwenye matundu ya f. Rekodi kwa biti 24, kilele kisizidi desibeli −12.

Wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja: unyevu ukiingia kwenye kiwambo, kondensa huanza kutoa milio ya “tap-tap”. Ihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, na ubadilishe vipakiti vikishiba. Ikishaanza milio hiyo, iache ndani humo siku mbili kabla ya kumpelekea fundi.